Profoma ya jino langu

Kazi yangu ni kuandika profoma, ile karatasi ya bei anayopewa mteja kabla hajanunua. Niko duka la vifaa vya ujenzi Kariakoo, mwaka wa kumi na moja sasa, na siku ikichangamka naandika hata thelathini: nondo za milimita 12 vipande kadhaa, saruji mifuko kadhaa, bati za geji 28, misumari, usafiri hadi saiti, na chini kabisa jumla. Akija mteja akauliza, "Dada, nyumba ya vyumba vitatu shilingi ngapi?" vijana wa kupakia wanacheka. Tunamwambia nyumba haina bei. Lete ramani, lete orodha ya fundi, twende kimoja kimoja.

Ndiyo maana naona haya kidogo kusimulia kwamba siku nilipoambiwa jino langu linahitaji kuvikwa kofia, yaani gamba la kulifunika lote, mimi huyuhuyu niliuliza, "Shilingi ngapi?" Nikatajiwa namba moja, nikanuna, nikachukua mkoba wangu nikaondoka.

Jino lenyewe ni gego la chini, upande wa kulia. Lilivunjika Jumapili moja mchana kwa kijiwe kilichokuwa kwenye makande. Sina wa kumlaumu, maana maharage niliyachambua mwenyewe jana yake jioni huku macho yako kwenye tamthilia ya Kituruki. Nilisikia mlio ndani ya kichwa, si mdomoni, nikatema kipande cheupe chenye ukingo mweusi. Nikajua ni kiraka, kile nilichozibwa nikiwa kidato cha tatu na kukisahau kabisa. Kiraka kilikuwa kizima. Kilichooza ni jino lililokishikilia, kimyakimya, miaka yote hiyo.

Na halikuuma. Laiti lingeuma siku ileile! Ulimi ulizunguka pale kwenye shimo siku mbili tatu, ukazoea, mimi nikahamia kutafunia kushoto. Mwezi ukapita, ada za shule zikapita, Pasaka ikapita. Mwezi wa tano likaamka usiku. Nilisukutua maji ya chumvi, nikabana karafuu, nikameza panadol mbili, na saa nane usiku nilikuwa sebuleni gizani nimeshika shavu kama mtu anayeongea na simu. Saa ile ningeletewa karatasi yoyote ningesaini.

Asubuhi nilikwenda kliniki iliyo kwenye orodha ya bima. Bima ni ya mume wangu kazini kwake, mimi ni mtegemezi. Daktari alikuwa binti mdogo, mpole, na aliniwekea mambo mawili mezani: kung'oa elfu thelathini, au kutibu mzizi laki mbili na nusu, ambayo bima ingelipa. Kwetu jino likiuma linang'olewa. Mama yangu ana meno kumi na moja na anatafuna mahindi ya kuchoma kuwashinda wajukuu. Nilikuwa tayari kusema ng'oa. Binti akaniuliza umri wangu, nikamwambia thelathini na nane. Akachukua meno ya plastiki yaliyokuwa mezani, akachomoa gego moja, akanionyesha namna jirani wa nyuma anavyoanza kulalia pengo mwaka hadi mwaka, na jino la juu linavyoshuka kwa kukosa mwenzake wa kugongana naye. "Ukitoa hili, dada, unaanza kesi na mengine mawili." Nikakubali kutibu.

Kutibu mzizi sitakueleza sana, watu wanayaogopa matibabu hayo kuliko yanavyostahili. Ganzi ikishaingia, kinachochosha ni taya tu. Gego la chini huwa na mizizi miwili, na ndani yake kwa kawaida mifereji mitatu, wakati mwingine minne, na yote husafishwa kwa visindano vyembamba vyenye meno ya msumeno, kisha hujazwa kitu kama mpira kinachotokana na utomvu wa mti wa huko Malaya. Kwangu zilikuwa safari mbili. Maumivu yakaisha siku ya kwanza.

Safari ya pili, wakati natema maji, binti akasema, "Sasa hili lazima tulivike kofia." Ndipo nilipouliza swali langu la mtu wa vyumba vitatu. Laki tatu na nusu. Bima hailipi, maana kwenye kitabu chao kofia iko ukurasa mmoja na meno bandia na kung'arisha meno.

Akili yangu hupiga hesabu kwa mifuko. Kwa bei yetu ya wiki ile, elfu kumi na saba na mia tano, laki tatu na nusu ni mifuko ishirini ya saruji. Mifuko ishirini, kwa kitu kidogo kama punje ya hindi, kuwekwa juu ya jino ambalo haliumi tena! Nilijua nimeshikwa. Nilijua ni ile biashara ya fundi gari: unapeleka breki, unarudi na orodha ya vitu vinne. Binti alijaribu kunieleza kwamba jino lililotolewa uhai na kubaki na kuta tatu ni kama pipa lisilo na pete, litapasuka siku yoyote, na kofia ndiyo pete yenyewe. Nilitikisa kichwa kwa adabu. Sikuwa nasikiliza. Nilikuwa nimeshaamua ni wizi, na ukishaamua hivyo, maelezo mazuri yanazidi kukuthibitishia.

Miezi mingine saba ikapita. Ukuta mmoja ukabanduka nikila chapati, chapati laini kabisa. Mwenzangu wa duka la jirani akaniambia kuna mahali anapajua, kofia laki moja na nusu, yeye kaweka mwaka jana, mzima wa afya. Nilikwenda siku hiyohiyo. Hakukuwa na eksirei. Walichonga, wakanibana udongo wa kuchukulia alama ya meno, baada ya siku tano nikavishwa. Kwa kioo lilipendeza, jeupe, nene kidogo. Nikamtumia mume wangu picha na maneno: nimeokoa laki mbili.

Kofia hiyo ilikaa miezi miwili ikatoka na kashata. Nikarudi nayo kwenye leso, wakaigandisha kwa elfu kumi na tano. Ikakaa wiki tano. Mara ya pili ilitoka nikipiga mswaki, na nilipoitazama ndani nikaona imejaa: kipande cha jino langu kilikuwa humo. Kofia imetoka na kichwa.

Nimeshasema mengi juu ya mahali pale kwa watu wangu wa karibu, hapa sitasema. Ukweli ni kwamba niliwaendea kutafuta bei, na bei waliniuzia.

Daktari wa tatu ni mzee kidogo, mwenye kuongea taratibu kama mwalimu wa hesabu. Alitazama, akaagiza eksirei, akaweka picha kwenye kioo chenye taa. Kabla hajasema chochote nikamwambia, "Dokta, sitaki bei. Nataka profoma."

Akacheka. "Profoma ya jino?"

"Ndiyo. Kila kitu na mstari wake."

Huenda nilikuwa wa kwanza kumwomba hivyo, lakini alivuta karatasi. Na alipokuwa anaandika alikuwa anaeleza, na safari hii nilisikiliza, maana ilikuwa lugha yangu. Kofia haishiki kwa simenti, alisema. Simenti ni msaidizi. Kofia inashika kwa kubana jino lenyewe, kuzunguka pande zote, walau milimita mbili za jino zima juu ya ufizi. Mimi upande mmoja nilikuwa nimebaki sina hata moja. Ile kofia ya kwanza ilifungwa kwenye kiraka kilichokaa juu ya jino, si kwenye jino. Ni sawa na kupigilia paa kwenye plasta. Hakuna simenti ya kuokoa hapo, ya dukani kwangu wala ya kwake.

Karatasi ninayo mpaka leo kwenye droo ya kaunta, nimeibana pamoja na stakabadhi. Eksirei mbili, elfu thelathini. Kushusha ufizi ili sehemu imara ya jino ionekane, elfu themanini. Nguzo ndani ya mfereji mmoja wa mzizi, pamoja na kujenga kisiki juu yake, laki moja na ishirini. Kofia ya muda ya plastiki, elfu thelathini. Kofia yenyewe, laki tatu na themanini, humo ndani ikiwamo kuchonga, kuchukua alama, gharama ya maabara, kufunga, na kurudi mara moja kusawazishwa. Jumla laki sita na arobaini. Bima ingebeba eksirei peke yake. Kwa hiyo laki sita na kumi ni yangu.

Nikamwuliza mwaka jana, wakati jino lina kuta tatu, ingekuwa ngapi. Alisita, kisha akakata mistari miwili kwa kalamu: ufizi usingeguswa, nguzo isingehitajika. Nilifanya hesabu palepale kitini, bibu limening'inia shingoni. Laki sita na kumi, ongeza laki moja na nusu ya kashata, ongeza kumi na tano ya kugandishia, ni laki saba na sabini na tano. Toa ile laki tatu na nusu niliyoiita wizi. Laki nne na elfu ishirini na tano. Mifuko ishirini na minne na chenji. Kile kiraka cha kidato cha tatu kingebadilishwa mapema, kabla hakijanisaliti, ningelipa pesa ya mfuko mmoja au miwili hivi. Lakini hesabu za namna hiyo hazina mwisho, mtu anaweza kurudi nyuma mpaka pipi ya kwanza.

Kwenye mstari wa kofia aliacha nafasi tupu ya neno moja, akaniambia nichague. Hapa ndipo bei zinapotofautiana mpaka mtu akachanganyikiwa, kwa sababu wote wanaita kofia, kama sisi tunavyoita bati. Bati la geji gani? Chuma tupu kwake ni laki mbili na themanini. Chuma kilichopakwa kauri ni laki tatu na themanini. Zirkonia, aina ya kauri nyeupe yote, hakuna chuma ndani, laki sita na nusu.

Nilidhani atanisukuma kwenye ile ya ghali. Badala yake akaniambia kwa jino la nyuma angekuwa yeye angeweka chuma. Kinaweza kuwa chembamba, kwa hiyo jino linachongwa kidogo, hakimeguki, kinavumilia hata mtu anayesaga meno usingizini. Kauri juu ya chuma inapendeza, ila kauri inaweza kubanduka kipande ukiuma mfupa, na baada ya miaka ufizi ukishuka kidogo unaona mstari wa kijivu pale chini. Zirkonia ni ngumu sana, nayo bei yake inatokana na mashine: inakatwa na kompyuta kutoka kwenye donge laini kama chaki, ikiwa kubwa kuliko inavyotakiwa kwa kama sehemu moja ya tano, kisha inaokwa saa nyingi kwenye joto la karibu nyuzi 1,500 mpaka inasinyaa kufikia saizi yake. Nilipenda hilo la kusinyaa. Fundi anayekata kitu kikubwa akijua tanuri litakimalizia, huyo ni fundi.

Nikauliza swali ambalo wateja wangu wananiuliza kila siku: katika hiyo laki tatu na themanini, ya kwako ngapi? Hakuchukia. Maabara inachukua laki moja na sabini, akasema, na wanaidai siku kazi inapopokelewa, si siku mgonjwa anapofurahi. Unga wa kauri, chuma, udongo wa alama, simenti, vyote vinatoka nje na vinanunuliwa kwa dola. Akikosea kipimo analipa maabara mara mbili. Kutokana na hayo nikaelewa kwa nini anataka nusu ya pesa siku ya kuchukua alama na nusu nyingine siku ya kufunga. Nilikopa kikoba laki nne, nikapanga kurejesha kwa miezi minne, na wanakikoba waliponiuliza ni ya mradi gani nikawaambia ujenzi.

Chuma sikukichagua. Najua, najua. Nilitoa sababu nyingi kwa daktari, ya kweli ilikuwa moja tu: gego langu hilo nikicheka linaonekana. Pale mtaani kwetu Ilala yupo bibi mwenye jino la dhahabu, na akicheka nalo mtaa mzima unang'aa, lakini dhahabu ni dhahabu na mwenye kuivaa ni yeye. Mimi na chuma cha kijivu tusingeelewana. Nikasema kauri. Akaleta reli yenye meno ya sampuli, kumi na sita, kila moja na herufi yake na namba, sawasawa na kadi ya rangi za ukuta tuliyonayo dukani. Akaiweka kando ya meno yangu. Akajaribu nyingine. Akajaribu zote.

Hapa lazima nieleze nilikotoka. Nimezaliwa Arumeru, upande wa Usa River, chini ya Mlima Meru. Maji ya kwetu yanapita kwenye miamba ya volkano na kubeba floraidi nyingi, mahali pengi zaidi ya ile miligramu 1.5 kwa lita ambayo Shirika la Afya Duniani linaiweka kama mpaka. Na tunapikia magadi, ambayo nayo yana floraidi yake. Makande bila magadi kwetu ni chakula cha hospitali. Floraidi kidogo inaimarisha jino. Ikizidi wakati jino la mtoto bado linaumbwa ndani ya taya, linaota likiwa na madoa, meupe kama chokaa kwa wengine, ya kahawia kwa sisi wengi. Hakuna mswaki unaoyatoa, maana hayako juu ya jino, ni jino lenyewe. Pale Ngurdoto kuna kituo kinachoshughulikia kuchuja floraidi kwenye maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe iliyochomwa, na watoto wa siku hizi wa kwetu baadhi wana bahati kuliko sisi. Nilipokuja Dar nikiwa na miaka ishirini watu waliniuliza kama navuta sigara. Nikajifunza kucheka na kiganja mdomoni. Nimecheka hivyo miaka mingi, mpaka kwenye picha za harusi yangu.

Kwa hiyo kwenye reli ya sampuli kumi na sita sikuwamo. Daktari akasema, "Wewe nenda kwa fundi mwenyewe akakuone."

Maabara ni chumba kimoja ghorofani, feni mbili, harufu kama ya plasta ya ukutani iliyolowa. Mezani kulikuwa na vinywa vya watu, safu kwa safu, vya plasta, kila kimoja na jina kwa penseli. Fundi, kaka wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi, alinipeleka dirishani, akanigeuza uso kwenye mwanga wa jua kwa sababu, alisema, taa ya balbu inadanganya rangi. Akatazama muda mrefu bila kusema, namna mtu anavyotazama ukuta kabla ya kupaka. Kisha akaonyesha kazi iliyokuwa mkononi mwake: kikombe cha chuma kidogo kuliko kifuniko cha kalamu, na yeye anachovya brashi nyembamba kwenye unga wa kauri uliokorogwa na maji, anapaka tabaka, anaoka, anapaka jingine, anaoka. Rangi ya ndani kwanza, ya ukingoni baadaye. Jino moja linaweza kuingia tanuri mara nne au tano. Nilitazama kwa dakika kumi hivi na sikuikumbuka tena laki moja na sabini.

"Dada," akasema, "nikuwekee madoa?"

Sikumwelewa.

"Nikikutengenezea jeupe safi, litakuwa zuri. Ila litakuwa peke yake. Kila ukicheka, hilo ndilo watu wataliona. Nikikuwekea madoa kama ya haya mengine, hakuna atakayejua."

"Na bei?"

"Bei ileile. Labda ya soda."

Nilisimama pale dirishani nisijue la kujibu. Miaka yote nimekuwa nikiyaficha madoa hayo, kuna mwaka niliulizia hata bei ya kuyapaka weupe yote ya mbele nikakimbia, na sasa nipo katikati ya mji, nimekopa kikoba, naulizwa kama nataka kulipia mengine. Nilitaka kusema niwekee jeupe. Nilifungua mdomo kabisa kusema hivyo. Halafu nikawaza lile la laki moja na nusu, jinsi lilivyokuwa likiwaka kule nyuma kama taa ya choo, na jinsi mwanangu wa kike alivyoniuliza, "Mama, hilo ni la nani?"

"Weka," nikamwambia. "Lakini usizidishe."

Mengine yalikwenda kama yalivyoandikwa kwenye profoma, na hilo pekee lilinipa raha. Ufizi ulishushwa, nikasubiri wiki sita upone. Nguzo ikaingia, kisiki kikajengwa, eksirei ya pili ikapigwa. Jino likachongwa pande zote kufikia umbo la kigingi, kofia ya plastiki ikawekwa kwa simenti ya muda, nikakatazwa bigijii, kashata, na kutafunia upande huo. Kofia ya plastiki ilitoka mara moja, siku ya Ijumaa, nikairudisha mwenyewe kwa dawa ya meno mpaka Jumatatu kama nilivyoelekezwa kwa simu. Hiyo haikuwa kwenye profoma na hawakunitoza.

Siku ya kufunga, daktari hakukimbilia simenti. Aliivisha kavu kwanza, akapitisha uzi kati yake na majirani, akanipa niume karatasi nyembamba ya bluu yenye kuacha rangi, niseme tak-tak-tak kwa meno, akaitoa, akasaga pale penye alama nzito, akairudisha tena. Mara sita. Nilianza kuchoka, yeye hakuchoka. Alisema kofia iliyo juu kwa unene wa unywele mmoja inapigwa na kila tonge, na baada ya mwezi mtu anarudi na taya linauma, anadhani ni mzizi. Wale wa laki moja na nusu walinipa kioo. Huyu kioo nilimwomba mwenyewe, na nilipokipata nilichelewa kidogo kulitambua jino. Kulikuwa na doa la kahawia hafifu, ubavuni, na wingu la chokaa juu yake. Fundi hakuzidisha.

Akaandika kwenye kadi: mwaka mmoja, ikitoka au ikimeguka kauri bila ajali, wanarudishia bure. Baada ya hapo niwe naenda kuangaliwa kila miezi sita, kwa sababu kofia haiozi lakini jino lililo chini yake, pale ukingoni, linaoza kama kawaida. Hilo nalo niliandika kwenye daftari langu kama matengenezo.

Desemba tulipanda basi kwenda nyumbani. Siku ya pili, mama amekaa kwenye kigoda uani anapepeta maharage, mume wangu akaropoka kwamba mkwe wake anamtazama mwanamke mwenye jino la mamilioni. Mama akaweka ungo chini. Akaniambia nipanue mdomo. Akanigeuza kwenye jua, kama fundi alivyofanya, akatazama chini, akatazama juu, akanirudisha chini.

"Ni lipi?"

Nikamwonyesha kwa kidole.

"Hili?" Akaligonga kwa ukucha. "Umelipa shilingi ngapi?"

Nilimtazama mume wangu, naye akatazama migomba. "Laki mbili," nikasema.

Mama akashika kichwa kwa mikono yote miwili.

"Laki mbili! Na wakakupa lenye madoa?"